Betri ya Pili Katika Lori: Ghala la Umeme kwa Dereva Anayelala Njiani



Somo la toleo hili linawahusu wote wanaofanya kazi katika njia ya Dar es Salaam hadi Lusaka, na wale wanaopinda Kapiri Mposhi kuelekea Ndola, Kasumbalesa na Lubumbashi. Katika njia hii kichwa cha lori si mahali pa kuendeshea tu. Ni chumba cha kulala, ni sebule, na mara nyingine ni jiko. Foleni ya Tunduma na Nakonde au ya Kasumbalesa ikirefuka, dereva hukaa humo siku mbili, siku tatu au zaidi, na injini imezimwa. Wakati huo taa, redio, feni, simu na pengine friji ndogo vinaendelea kula umeme. Asubuhi foleni inasogea, dereva anazungusha ufunguo, na stata inalia mara moja kisha inanyamaza.

Hapo huanza matatizo. Gari limeziba njia na walio nyuma wanapiga honi. Atafutwe mtu wa kubusti, naye anataka kulipwa. Betri ikifa kabisa, wako waajiri wanaomkata dereva bei yake katika mshahara. Ndiyo maana madereva wengi hutafuta fundi wa kando ya barabara awafungie betri ya pili ya vitu vyao vya ndani.

Wazo hilo ni zuri. Lakini betri ya pili ikifungwa ovyo inaweza kuua betri zote za gari, na mbaya zaidi, inaweza kuwasha moto chini ya kitanda cha mtu aliyelala. Kwa hiyo yafaa tujifunze mambo matatu: jinsi kazi hii inavyofanyika, jinsi ya kupiga hesabu yake, na ni nani anayepaswa kuigharimia.

1. BETRI NI GHALA, SI SHAMBA

Jambo la kwanza la kushika ni hili: betri haizalishi umeme wa kutumia siku zote. Betri ni ghala. Shamba ni alternata, ambayo huzungushwa na injini. Gari linapotembea, shamba linatoa mavuno na ghala linajaa. Gari linaposimama na injini kuzimwa, shamba limelala, nasi tunakula akiba.

Mkulima akijenga ghala la pili bila kuongeza shamba, hajapata chakula zaidi. Alichopata ni mahali pa kutenga mbegu na chakula, ili watoto wasije wakala mbegu. Hiyo ndiyo faida ya betri ya pili. Betri za kuwashia gari ni mbegu, hizo zisiguswe. Betri ya pili, ambayo katika somo hili tutaiita betri ya akiba, ndiyo chakula cha taa, feni na friji. Ikiisha, dereva atakaa gizani, lakini gari litawaka.

Tukumbuke maneno manne. Volti ni nguvu inayosukuma umeme. Ampea ni wingi wa umeme unaopita katika waya. Wati ni kazi inayofanyika, nayo hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea. Ampea-saa ni ujazo wa ghala: betri ya ampea-saa 100, ikiwa nzima na imejaa, inaweza kutoa ampea 5 kwa muda wa saa 20 hivi.

2. LORI KUBWA LINA BETRI MBILI TAYARI

Wengi hukosea hapa. Pikapu na magari madogo hutumia umeme wa volti 12 na betri moja. Lori kubwa hutumia volti 24, na ndani ya sanduku lake mna betri mbili za volti 12. Hizi zimefungwa kwa mfuatano, yaani chanya ya moja imeungwa na hasi ya nyingine, ili volti zijumlishwe: 12 na 12 ni 24. Ampea-saa haziongezeki. Betri zikifungwa sambamba, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, volti hubaki 12 na ampea-saa ndizo zinazojumlishwa.

Kwa hiyo ile betri ya pili mnayoiona katika lori si ya akiba. Ni nusu ya mfumo wa gari lenyewe.

Sasa tazameni kosa linalofanyika sana. Dereva amenunua redio ya volti 12. Fundi, kwa kutaka kumaliza haraka, anachukua umeme katika betri moja kati ya zile mbili. Redio inalia vizuri na kila mtu anafurahi. Lakini betri moja inaliwa na nyingine hailiwi. Injini ikiwaka, alternata haioni betri mbili. Inaona jumla tu. Tuseme inapeleka volti 28.2. Ile betri iliyoliwa inaweza kupata volti 13.2 tu, nayo isijae kamwe, huku mwenzake ikibaki na volti 15, nayo ichemke na kukausha maji yake. Baada ya miezi kadhaa zote mbili zimekufa, moja kwa njaa na nyingine kwa kuvimbiwa, na lawama inaangukia betri kuwa ni mbovu.

Tiba yake si ngumu. Kitu cha volti 12 kifungwe kupitia kifaa cha kupunguza volti kutoka 24 hadi 12, kinachochota umeme katika betri zote mbili kwa usawa. Tena, betri mbili za mfuatano ziwe za aina moja, ujazo mmoja na umri mmoja. Betri mpya ikifungwa na kuukuu, ile kuukuu ndiyo itakayoamua mwendo wa zote mbili.

3. PIGA HESABU KABLA YA KUNUNUA

Usiende dukani kuuliza "betri kubwa bei gani?" Kwanza andika vitu unavyotumia, wati zake na saa unazovitumia kwa siku moja. Wati zimeandikwa kwenye kibandiko cha kila kifaa. Tuchukue mfano wa dereva aliyesimama mpakani siku nzima:

Taa ya kisasa ya wati 5, kwa saa 5: wati-saa 25.
Kuchaji simu, wati 10, kwa saa 3: wati-saa 30.
Redio ya wati 20, kwa saa 4: wati-saa 80.
Feni ya wati 15, kwa saa 8: wati-saa 120.
Friji ndogo ya wati 50, ambayo huwaka na kujizima, jumla saa 12: wati-saa 600.

Jumla ni wati-saa 855 kwa siku. Tukigawa kwa volti 24 tunapata karibu ampea-saa 36.

Lakini ngojeni. Betri ya risasi na tindikali haifai kukaushwa hadi chini. Ikishushwa mara kwa mara chini ya nusu, maisha yake hufupika sana. Basi kwa matumizi ya ampea-saa 36 tunahitaji ghala la ampea-saa 72 au zaidi. Betri mbili za volti 12 zenye ampea-saa 100, zikifungwa kwa mfuatano, zitatosha siku moja na ziada kidogo.

Tazameni tena orodha yetu. Friji peke yake inakula wati-saa 600 kati ya 855. Ikiondolewa, vitu vingine vyote vinakula wati-saa 255 tu, na ghala lile lile litadumu zaidi ya siku nne. Kwa hiyo anayetaka friji ajue kwamba hiyo ndiyo anayoinunulia betri. Na birika la umeme au pasi kupitia inveta ni jambo jingine kabisa: kifaa cha wati 1,000 kwenye volti 24 kinavuta zaidi ya ampea 40. Hicho kitumike injini ikiwa inawaka, au kisitumike kabisa.

Kuhusu aina ya betri, ile ya kuwashia gari imetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache, kisha ijazwe mara moja. Haipendi kuliwa polepole usiku kucha. Betri ya akiba iwe ya aina inayostahimili kuliwa na kujazwa tena na tena, kama zile ambazo watu huziita betri za sola. Muulize muuzaji kama inavumilia mtikisiko wa barabara, na kama inakubali volti za alternata ya gari lako, kwa maana betri zilizofungwa kabisa hazitaki volti sawasawa na zile zinazoongezwa maji.

Mwisho wa hesabu, kumbukeni shamba. Ghala lililotoka ampea-saa 36 halijai kwa kusogea mita mia mbili katika foleni. Linahitaji saa kadhaa za mwendo, na kadiri betri inavyokaribia kujaa ndivyo inavyopokea umeme polepole zaidi. Wako wanaowasha injini usiku kucha ili friji isizime. Injini ya lori ikiunguruma bila kutembea hula karibu lita 2 hadi 3 za dizeli kwa saa. Kwa saa 8 ni lita 16 hadi 24. Zaidi ya hayo, moshi wake una gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu. Malori yakiwa yamebanana katika foleni, moshi wa jirani nao huingia katika kichwa cha gari lako.

4. UKUTA KATI YA MAGHALA MAWILI

Injini inapowaka, maghala yote mawili yaunganishwe ili yajazwe. Injini inapozimwa, yatenganishwe. Betri ya akiba ikibaki imeungwa moja kwa moja na betri za gari, hizo si tena ghala mbili bali ni ghala moja kubwa, na asubuhi zote zitakuwa tupu. Kutenganisha kunafanyika kwa njia hizi:

Ya kwanza ni swichi ya mkono. Ni rahisi na haina mengi ya kuharibika, lakini inategemea kumbukumbu ya mtu aliyechoka. Siku dereva atakaposahau kuizima ndiyo siku gari halitawaka.

Ya pili ni rilei inayofungwa na umeme wa alternata. Injini ikiwaka, rilei inaunganisha. Injini ikizima, inaachia yenyewe. Kwa magari mengi ya zamani hii inatosha.

Ya tatu ni rilei inayopima volti. Katika mfumo wa volti 24 huunganisha volti zikifika karibu 26.5, kwa kuwa hapo inajua alternata inafanya kazi, na huachia zikishuka karibu 25.5. Kwa pikapu ya volti 12, gawanya tarakimu hizo kwa mbili.

Ya nne ni kifaa cha kuchaji kinachopokea umeme wa gari na kuupeleka katika betri ya akiba kwa kipimo chake. Hiki ni ghali zaidi, lakini ndicho kinachofaa magari mapya ambayo alternata yake inaongozwa na kompyuta na volti zake hupanda na kushuka. Katika magari hayo rilei ya kawaida inaweza kudanganyika. Pia gari likiwa na volti 24 nawe unataka betri moja tu ya akiba ya volti 12, kipo kifaa cha namna hii kinachopunguza na kuchaji kwa pamoja.

Mjue hali ya ghala lenu kwa mita ya volti. Betri ya volti 12 iliyopumzika saa chache, ikionyesha karibu 12.7 imejaa, 12.2 imebaki nusu. Chini ya 12 imekwisha. Kwa mfumo wa 24, zidisha mara mbili. Injini ikiwaka, mfumo wa 24 uonyeshe karibu 27.6 hadi 28.8. Ikibaki 25, alternata haichaji, na betri ya pili haitakusaidia kitu.

Kwa wanaopita Mbeya katika baridi ya Juni na Julai kuna sababu zaidi ya kulinda mbegu. Katika baridi oili huwa nzito na injini ni ngumu kuzunguka, na wakati huo huo betri hutoa nguvu kidogo. Betri iliyobaki nusu inayowasha gari Morogoro mchana inaweza kushindwa Uyole alfajiri.

5. WAYA NA FYUZI: HAPA NDIPO MOTO UNAPOANZIA

Waya ni kama bomba la maji. Ukiwa mwembamba na mrefu, umeme hupotea njiani. Tuseme ampea 20 zinakwenda betri iliyo umbali wa mita 5. Kwenda na kurudi ni mita 10. Kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, tunapoteza karibu volti 1.4. Alternata inatoa 28, betri inapata 26.6, na inajaa polepole sana. Kwa waya wa milimita za mraba 16, tunapoteza kama volti 0.2 tu. Kwa hiyo waya wa kuunganisha betri na betri uwe mnene, wa milimita za mraba 16 au zaidi, na uwe wa nyuzi nyingi. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mgumu haufai. Mtikisiko wa barabara huukata.

Sasa fyuzi. Watu wengi hudhani fyuzi inalinda redio. La! Fyuzi inalinda waya. Betri ya gari ikipigwa shoti inaweza kutoa mamia ya ampea kwa mara moja. Waya mwembamba ukipitisha umeme huo huwa mwekundu kama mkaa katika sekunde chache, na godoro, pazia na plastiki viko karibu. Fyuzi inayofaa hukatika kabla waya haujapata moto.

Kanuni ni tatu. Kwanza, fyuzi iwekwe karibu kabisa na chanya ya betri, isizidi kama sentimeta 20, kwa sababu sehemu ya waya iliyo kabla ya fyuzi haina mlinzi. Pili, waya unaounganisha betri za gari na betri ya akiba uwe na fyuzi pande zote mbili. Kila upande una ghala la umeme, na shoti ikitokea katikati zote mbili zitaimwaga nguvu yao hapo. Tatu, ampea za fyuzi ziwe zaidi ya matumizi ya kifaa lakini chini ya uwezo wa waya. Friji yetu ya wati 50 inavuta karibu ampea 2 kwenye volti 24. Waya wa milimita za mraba 2.5 na fyuzi ya ampea 10 vinafaa.

Fyuzi ikikatika, tafuta sababu. Anayeweka msumari, uzi wa shaba au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi amemfukuza mlinzi akamwachia mwizi ufunguo.

Pitisha waya ndani ya bomba la plastiki, ufunge kwenye chasisi kila hatua fupi, mbali na ekzosi na mabomba ya mafuta. Kila unapopita katika tundu la bati, weka mpira. Bati linakata ganda la waya taratibu kila gari linapotikisika, na shoti hutokea miezi mingi baada ya fundi kwenda zake.

6. MAHALI PA BETRI NA UTARATIBU WA KUFUNGA

Betri ya risasi na tindikali isiwekwe chini ya kitanda wala ndani ya kichwa cha gari. Inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, na gesi hiyo ikifika asilimia 4 tu ya hewa inaweza kulipuka kwa cheche ndogo. Iwekwe katika sanduku kwenye chasisi, lenye matundu ya hewa, mbali na ekzosi na tangi la mafuta. Ifungwe imara kwa mkanda wa chuma au bolti. Betri ya ampea-saa 100 ina uzito wa kilo 25 hadi 30, na ikichomoka katika ajali ni jiwe lenye tindikali ndani. Vichwa vyake vifunikwe kwa mpira. Kumbukeni pia kwamba uzito huo unahesabiwa kwenye mizani.

Wakati wa kazi, fuateni utaratibu huu:

(a) Zima injini na swichi zote. Vua pete na saa ya chuma. Usivute sigara.
(b) Ondoa kwanza waya wa hasi wa betri za gari. Chasisi yote ni hasi. Spana ikiwa kwenye chanya na ikagusa chasisi wakati hasi bado imefungwa, ni shoti kamili.
(c) Funga betri ya akiba, rilei, nyaya na swichi kuu. Fyuzi ziachwe nje.
(d) Hakikisha chanya na hasi kwa mita, usitegemee rangi ya waya.
(e) Rudisha chanya, mwisho hasi, kisha weka fyuzi.
(f) Washa injini, pima volti za betri ya akiba. Zima injini, ngoja, kisha pima kama rilei imeachia.

Swichi kuu ya betri ya akiba iwe mahali ambapo aliyelala anaweza kuifikia kwa mkono mmoja gizani. Kizimamoto cha unga kiwe karibu na mlango. Tindikali ikimwagikia jicho au ngozi, osha kwa maji mengi safi kwa muda mrefu, kisha umwone mganga.

Jambo moja hatulitolei ruhusa hata kidogo: malori ya kubeba mafuta ya petroli na bidhaa za kulipuka. Umeme wa magari hayo una masharti yake. Dereva au fundi wa barabarani asiongeze hata waya mmoja.

7. NANI ALIPE?

Sasa tumefika kwenye upande wa chama. Lori ni mali ya mwajiri, na ni mahali pa kazi pa dereva. Dereva anayefunga betri kwa siri, kwa fedha zake, anabeba hatari mbili. Vifaa vikifaa, vimekuwa faida ya gari la mwenye mali. Gari likiungua, wa kwanza kuulizwa ni yeye, na kampuni ya bima inaweza kutafuta sababu ya kutolipa. Kwa hiyo usifunge kitu bila ruhusa ya maandishi.

Lakini haifai tuishie kwenye kuomba ruhusa. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1981, unasema katika kifungu cha 21 kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi. Mwezi Juni 1922 ulikuwa bado mbali sana na haki hizi. Lakini Juni 2022 mkataba huo uliingizwa miongoni mwa mikataba ya msingi, ambayo kila nchi mwanachama inapaswa kuiheshimu kanuni zake hata kama haijauridhia. Nao Mkataba Na. 153 wa mwaka 1979, unaohusu saa za kazi na mapumziko katika usafiri wa barabara, unataka dereva apate mapumziko ya saa 10 mfululizo kwa siku. Hoja yetu ni hii: mwajiri anayemtaka mtu apumzike ndani ya lori, na aamke akiwa na uwezo wa kuendesha tani 30, ampe taa, hewa na njia ya mawasiliano bila kumlazimisha kuchagua kati ya usingizi na stata.

Kuhusu makato ya mshahara, ndugu walioajiriwa kwa mikataba ya Tanzania wajue kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kukata fedha za hasara apendavyo. Hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi. Mwajiri aeleze kwa maandishi sababu, kiasi na jinsi alivyokipata. Mfanyakazi apewe nafasi ya kupinga. Na makato yasizidi robo ya mshahara. Betri iliyozeeka, au iliyokufa kwa sababu gari lilikaa foleni siku tatu bila betri ya akiba, si rahisi kuiita kosa la dereva. Walioajiriwa chini ya sheria za nchi nyingine wamwone katibu wa tawi kabla ya kutia sahihi karatasi yoyote ya kukiri deni.

Tunashauri kila tawi lifanye mambo manne. Kwanza, madereva waandike kwa mwezi mmoja siku walizokaa foleni na mara ambazo gari halikuwaka. Pili, wapige hesabu ya wati-saa kama tulivyofanya hapa. Tatu, wailinganishe gharama ya betri ya akiba na dizeli inayochomwa usiku kwa injini kuunguruma. Mwajiri husikia haraka lugha ya dizeli. Nne, walete madai ya pamoja kwamba betri ya akiba ifungwe na fundi anayetambulika, kwa gharama ya mwajiri, na iandikwe katika kumbukumbu za gari. Dereva mmoja akiomba ataambiwa anataka anasa. Madereva 20 wakiweka daftari mezani, hiyo si anasa tena, ni hesabu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini tunasema betri ni ghala na alternata ni shamba?
2. Ni madhara gani yanayopatikana kwa kuchukua umeme wa volti 12 katika betri moja ya lori la volti 24?
3. Utingo ana feni ya wati 20 anayoitumia saa 6, na taa ya wati 5 kwa saa 4. Anahitaji wati-saa ngapi kwa siku? Ni ampea-saa ngapi kwenye volti 24?
4. Kwa nini waya kati ya betri za gari na betri ya akiba unahitaji fyuzi pande zote mbili?
5. Ni waya upi unaoondolewa kwanza katika betri, na kwa nini?
6. Katika gari lako, swichi kuu ya umeme iko wapi? Aliyelala anaweza kuifikia?

Jibu la swali la 3: wati-saa 140, yaani karibu ampea-saa 6. Mengine myajibu pamoja katika kikao cha tawi, na ikiwezekana mbele ya gari lenyewe, sanduku la betri likiwa wazi.